Lukuga, Mlango Pekee wa Ziwa Tanganyika

Mito inayoingia Ziwa Tanganyika ni mingi: Malagarasi upande wa Tanzania, Rusizi unaoteremka kutoka Ziwa Kivu, na vijito vya milimani pande zote. Mto unaotoka ni mmoja tu, Lukuga. Unaanzia Kalemie, mashariki mwa Kongo, unapita katikati ya milima kuelekea magharibi kwa zaidi ya kilomita 300, kisha unaingia Lualaba, sehemu ya juu ya Mto Kongo. Kutoka hapo maji huufuata mto huo hadi Bahari ya Atlantiki.

Wapelelezi wa Kizungu wa karne ya 19 walisumbuka sana kuutafuta mlango huo. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kaskazini mwa ziwa wakitokea Ujiji, mji wa pwani ya mashariki ya ziwa, wakakuta Rusizi unaingia wala hautoki. Mwaka 1874 Cameron alifika Lukuga, akaona maji yakielekea magharibi, lakini matete na mafunjo yaliyosongamana yakamzuia kuendelea. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta njia imezibika, na maji karibu yamesimama.

Wote hao waliona sehemu tu ya ukweli. Mvua zikipungua, ziwa hushuka na Lukuga hudhoofika. Tope hutuama mlangoni na matete huota juu yake. Mvua zikirudi, maji hupanda nyuma ya kizuizi hicho mpaka kishindwe kuyahimili. Ndivyo ilivyotokea mwaka 1878. Kizuizi kilibomoka, na mwaka uliofuata mmisionari Edward Hore alikuta mto unakwenda kwa kasi. Katika miaka iliyofuata ziwa lilishuka kwa takriban mita 10, na ufukwe wa Ujiji ukasogea mbali na mji.



Tabia ya ziwa haijabadilika. Mvua kubwa za miaka ya 1960 zililipandisha, na miaka ya karibuni maji yameingia tena majumbani Bujumbura, Uvira na Kalemie.

Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa kulitunza ziwa hili mwaka 2003. Utunzaji huo hauwezi kukamilika bila Lukuga. Nchi zote nne zina wajibu wa kupima maji yake, kuzuia tope lisiuzibe, na kutoruhusu ujenzi kwenye fukwe ambazo ziwa limekwisha kuonyesha kuwa ni zake.