Magazijuto Mbele ya Kompyuta

Muulize Mtanzania aliyepita shule ya msingi magazijuto ni nini. Atakujibu hata kama hesabu zenyewe zilishamtoka kichwani siku nyingi: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Akiingia kidato cha kwanza anapewa BODMAS, ambayo ni karibu kitu kilekile kwa Kiingereza, na magazijuto inabaki nyuma pamoja na kaptula ya darasa la saba. Ni hasara, kwa sababu neno hilo linafaa kabisa kuwa mlango wa kujifunzia lugha za kompyuta, mradi mtu ajue kwamba mkia wake una kasoro.

Kila anayeunda lugha ya kompyuta ya kupigia hesabu, tangu FORTRAN ya mwaka 1957 hadi hizi za leo, lazima ajibu swali moja: mstari mmoja ukibeba matendo kadhaa, lipi litangulie? Jibu lake ndilo ninaloliita kipaumbele cha matendo. Ingewezekana kusema “kipaumbele cha opereta”, lakini sioni faida. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tumeyaita matendo tangu utotoni, na kipaumbele ni neno la kila siku kwenye vikao vya kijiji. Mwanafunzi akisikia maneno hayo mawili pamoja, nusu ya somo ameshalielewa.

Tuipeleke istilahi hii Kigonsera, kwenye barabara ya kutoka Songea kwenda Mbinga. Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1899, baadaye ikawapo seminari ambako Benjamin Mkapa, aliyekuja kuwa rais wa Tanzania, alisoma kabla ya kwenda shule ya Pugu, na leo wengi wanalijua jina hilo kwa sababu ya sekondari. Nje ya darasa, fedha ya wilaya hii ya Mbinga ni kahawa. Tuchukulie kijana amemaliza kidato cha sita na anajifunza Julia. Hiyo ni lugha ya bure iliyotangazwa mwaka 2012 na Jeff Bezanson, Stefan Karpinski, Viral Shah na Alan Edelman kwa ajili ya hesabu nzito na uchambuzi wa data. Baba yake mdogo anamwomba ampigie hesabu ya malipo yake ya kahawa. Kijana anaandika:

malipo = kilo * bei - makato + nyongeza

Majina ya Kiswahili hayaisumbui lugha hata kidogo. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ni 240, bei ni shilingi 5,000, makato ni 150,000 na nyongeza ni 60,000. Kuzidisha kunatangulia na kuleta 1,200,000, hapo hakuna ubishi. Sasa fuata magazijuto neno kwa neno: jumlisha kabla ya kutoa. Makato na nyongeza vinaunganishwa kuwa 210,000, na mzee anabaki na 990,000. Julia inasema 1,110,000. Tofauti ni shilingi 120,000, na mzee hatakuelewa ukimwambia kwamba nyongeza yake imegeuka makato.

Julia ndiyo iliyo sahihi. Kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, na matendo ya ngazi moja hufanywa kwa zamu kutoka kushoto kwenda kulia. Lugha yenyewe inakuonyesha ukiiuliza kwa amri ya Base.operator_precedence: katika matoleo ya sasa inatoa 11 kwa alama ya kujumlisha na 11 kwa ya kutoa, 12 kwa ya kuzidisha na 12 kwa ya kugawanya. BODMAS nayo ina kasoro hiyohiyo, kwani magazijuto imeirithi kwake. Wamarekani, wanaotanguliza kuzidisha katika PEMDAS yao, wamejitafutia kasoro nyingine: anayeifuata neno kwa neno atapata 2 kwenye 12 / 2 * 3, wakati jibu ni 18.

Kwa upande huo sisi tuko salama zaidi. Ukianza na kugawanya, kama magazijuto inavyotaka, jibu la kuzidisha na kugawanya halibadiliki. Isipokuwa pale Julia inapokutegea na alama yetu ya darasani, ÷. Katika lugha hiyo / ni kugawanya kwa kawaida, lakini ÷ hugawanya na kutupa baki. Kwa hiyo 7 * 3 ÷ 2 ni 10, kwa sababu 21 kugawanya kwa 2 ni 10 na baki inatupwa. Anayeanza na 3 ÷ 2 atapata 1, kisha 7. Nadhani walioichagua alama hiyo hawakuwafikiria walimu wa shule za msingi.

Vipeo magazijuto haivitaji kabisa. Katika Julia na katika lugha ya Python vinafanywa kabla ya alama ya hasi, kwa hiyo hasi mbili kwa kipeo cha pili bila mabano inatoa -4. Excel, ambayo makarani wengi ndiyo wanayoitegemea, inatoa 4. Pia Julia inaruhusu kuandika 2n badala ya 2*n, na mwandiko huo unapanda ngazi: 1/2n ni moja gawanya kwa 2n yote. Python haiukubali.

Iliyobaki ni MA ya mabano, na hiyo haina kasoro. Anayetaka wastani wa kilo za misimu miwili, 240 na 180, akiandika 240 + 180 / 2 atapewa 330, jibu lililozidi mavuno ya msimu wowote kati ya hiyo miwili. Akifunga jumla kwenye mabano atapata 210.

Ombi langu ni kwa walimu na waandishi wa vitabu vya shule za msingi: magazijuto ibaki, ila muiongezee sentensi moja. Kugawanya na kuzidisha ni ngazi moja, kujumlisha na kutoa ni ngazi moja, na ndani ya ngazi tunakwenda kutoka kushoto.