UZI: Kabla ya kuhesabu bunduki, hesabu unga

Mjadala wa mpaka ukichacha runingani, lazima mtu ahesabu vifaru na ndege za kivita. Sisi tuna hizi, wao wana zile, basi tutawamaliza. Mimi nasoma sayansi ya siasa na huwa najiuliza kitu kimoja tu: hao wanajeshi watakula nini siku ya 40?

Jibu liko hapa hapa Nairobi. Jina Kariokor linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina lile lile.

Vita vilianza Agosti 1914. Waingereza wako huku, Wajerumani wako Tanzania bara ya leo, chini ya kamanda Paul von Lettow-Vorbeck. Waingereza wakafunga bahari. Meli mbili tu za shehena zilipenya, moja 1915 na nyingine 1916. Manowari Königsberg ilipozama Rufiji, Wajerumani waling'oa mizinga yake 10 wakaikokota nchi kavu. Dawa ya malaria wakajitengenezea kwa magome ya mti wa kwinini. Novemba 1917 Ujerumani ikarusha hata chombo cha angani, L59, kutoka Bulgaria kikiwa na tani kama 15 za vifaa. Kilifika juu ya Sudan, kikaamriwa kirudi!

Mwezi huo huo, Kapteni Tafel na kikosi chake kizima wakasalimu amri. Chakula kiliisha.

Kuna watu wataniambia, "Lakini Lettow alipigana hadi Novemba 1918." Ni kweli. Ila tazama ni vita gani alivyobaki navyo. Mwisho wa 1917 hakuwa na bandari, reli wala mji. Alikuwa amevuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akipigana kwa risasi alizonyang'anya Wareno. Na chakula? Kilitoka kwa ghala za wanavijiji. Huko Ugogo, majeshi ya pande zote mbili yalikomba nafaka na ng'ombe, kisha mvua ikakosa. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya.

Sasa Waingereza, ambao walikuwa na bahari na pesa. Shida yao ilikuwa kufikisha mzigo. Ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota, mvua ikageuza barabara kuwa tope, na motokaa zikakwama. Kikabaki kichwa cha mtu.

Hebu tupige hesabu. Chukua mpagazi mwenye mzigo wa kilo 25 za unga, anayekula kilo moja kwa siku. Kama jeshi liko mwendo wa siku 10, kwenda na kurudi atakula kilo 20. Askari anapata 5. Jeshi likisonga siku mbili na nusu zaidi, mpagazi anakula mzigo wote na askari hapati kitu. Kwa hivyo kila ushindi ulioonekana kwenye ramani ulidai wapagazi wengine maelfu, nao pia wale.

Ndiyo maana 1917 serikali ya kikoloni ilifanya msako mkubwa wa vijana huku kwetu, kwa lazima. Wengi waliokufa hawakupigwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na posho ya unga ambao matumbo yao hayakuuzoea, tena mara nyingi haukuiva. Rekodi rasmi za Waingereza zina zaidi ya wapagazi 40,000 waliokufa, na wanahistoria wengi wanaona hiyo ni hesabu ya chini.

Kwa hivyo mtu akisema nchi fulani "iko tayari kwa vita", muulize ghala liko wapi, mafuta ni ya siku ngapi, na likipungua atachukua kwa nani. Hapo 1917 lilipungua, wakachukua kwa watu ambao hawakuwa na kura. Wengi walikufa bila kulipwa, na mishahara yao ambayo haikuchukuliwa haikufika kwa familia zao.