Kutoka Dola hadi Daladala: Asili ya Jina la Usafiri wa Kinondoni na Temeke

Neno la Kiingereza linalotaja fedha ya Marekani limeingia katika Kiswahili kwa sura mbili. Ya kwanza ni dola, inayotumika benki na magazetini. Ya pili ni dala, iliyokulia mitaani, na ndiyo iliyowapa wakazi wa Mbagala, Tandika, Mwenge na Kawe jina la usafiri wao wa kila siku. Chimbuko la zote mbili ni Joachimsthal, mji wa Bohemia ambako katika karne ya 16 zilifuliwa sarafu zilizoitwa taler. Pwani ya Waswahili iliwahi kuifahamu sarafu ya ukoo huo, ile ya Maria Theresa, ila iliiita riale.

Inaelezwa mara kwa mara kwamba nauli ya daladala za mwanzo ilikuwa shilingi 5, na kwamba shilingi 5 ziliitwa dala kwa kuwa hicho ndicho kilichokuwa kiwango cha kubadilishia dola wakati huo. Sehemu ya kwanza inakubalika. Ya pili haiafikiani na hesabu. Shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika mwaka 1966, dola moja ilikuwa sawa na shilingi 7.14, na kufikia mwisho wa 1983 ilikuwa imezidi shilingi 10. Kiwango cha takriban shilingi 5 kilikuwapo kati ya 1940 na 1949, pauni ilipokuwa sawa na dola 4.03, nayo pauni ikiwa shilingi 20 za Afrika Mashariki. Aidha, Waingereza wenyewe walikuwa na mazoea ya kuziita shilingi 5 za kwao dola katika mazungumzo ya kawaida. Yaelekea, basi, kuwa dala ni urithi wa enzi ya ukoloni uliosalia midomoni baada ya hesabu yake kupitwa na wakati.

Urudufishaji, kwa upande wake, ni wa Kiswahili kabisa. Muuza machungwa anayenadi “mia mia” hasemi mia mbili. Anasema kila moja ni mia. Vivyo hivyo, “dala dala” ya kondakta ilimaanisha dala kwa kila abiria, awe anashuka njiani au mwisho wa safari.

Nadi hiyo ilipata nafasi kwa sababu Shirika la Usafiri Dar es Salaam (UDA), lililoundwa mwaka 1974, lilikuwa limezidiwa. Vitongoji vilipanuka, mabasi yakaharibika, na fedha za kigeni za kununulia vipuri zikaadimika, hasa baada ya vita vya Kagera. Magari ya watu binafsi yalibeba abiria kwa kujificha hadi yaliporuhusiwa rasmi mwaka 1983. Hivyo uhaba wa dola uliyaegesha mabasi ya umma, na magari yaliyoshika nafasi yake yakaitwa kwa jina la dola hiyohiyo. Nauli ya shilingi 5 haikudumu miaka mingi.