Nyungu Isiyovunjika: Hesabu ya Ushindi katika Pori la Ukimbu

Mwaka 2005 ulitoka Marekani mchezo wa kompyuta uitwao Civilization IV, wa nne katika mfululizo ulioasisiwa na Sid Meier mwaka 1991. Mchezo huo hufunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu", ambao muziki wake ulitungwa na Christopher Tin juu ya maneno ya sala ya Wakristo. Mwaka 2011 wimbo huo ukawa utunzi wa kwanza wa mchezo wa kompyuta kutunukiwa tuzo ya Grammy. Baada ya wimbo huja kazi yenyewe. Mchezaji hupewa kiti cha mtawala, na kwa zamu, kama katika bao au sataranji, hujenga miji, hufunga mikataba, hudai kodi, huvunja amani na kuteka nchi za jirani.

Wenye Kiswahili waliitoa sauti yao mlangoni, lakini ndani hawakuwamo. Miongoni mwa watawala wa kuchagua alikuwapo Mansa Musa wa Mali. Mwaka 2006 akaongezwa Shaka wa Wazulu, na mwaka 2007 Zara Yaqob wa Ethiopia. Hakuwapo hata mmoja wa kutoka nchi ambazo lugha hii ndiyo inayotembea sokoni. Na lau mtu angemtafuta huko mtawala aliyeijua hesabu ya kuteka na kupatana, kisha akaijua hesabu ngumu zaidi ya kuhifadhi alichoteka, asingehitaji kwenda mbali. Angeshuka katika stesheni ya Itigi, kwenye reli ya kati, na kushika barabara ya kusini iendayo Mitundu na Rungwa.

Mitundu ya leo imo katika mkoa wa Singida, katika nchi ya miombo na vichaka ambayo zamani ilijulikana kwa jina la watu wake, Ukimbu. Ni nchi pana, maji yake haba, watu wake wachache. Wakimbu waliishi kwa uwindaji, asali na mashamba madogo, wakitawaliwa na watemi wengi, kila mmoja na kipande chake cha pori. Alama ya heshima ya watemi hao ilikuwa kipande cha kombe la baharini. Kwa hiyo hata kabla misafara mikubwa haijaanza, bahari ilikwisha kufika huko kifuani mwa watawala. Upande wa kaskazini mwa nchi hiyo ilipita njia kuu kutoka pwani kwenda Unyanyembe. Sehemu yake ya kuogofya zaidi, baina ya Ugogo na Unyamwezi, wapagazi waliiita Mgunda Mkali. Burton aliipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na kabla yao na baada yao walipita maelfu ya watu ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Ilikuwa njia ya pembe. Zilizofika Unguja zilipakiwa vyomboni kwenda Bombay, Ulaya na Marekani, na zilizorudi bara badala yake zilikuwa nguo, shanga, magumegume na baruti. Kwa hiyo msomaji wa visiwani asidhani kwamba kisa hiki ni cha watu wengine. Bao lilichezwa bara, lakini kete nyingi zilitoka forodhani.

Nyungu ya Mawe alikuwa mtoto wa nyumba ya watemi wa Unyanyembe. Katika nyumba hiyo aliona kwa macho namna utawala unavyopotea. Mtemi Mnywa Sele alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu wa Kaze, karibu na Tabora ya leo, walimwondoa mnamo mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mnywa Sele akaingia porini na kupigana miaka mitano. Speke, aliyekutana naye mwaka 1861, alijaribu kusuluhisha na akashindwa. Mwaka 1865 Mnywa Sele akauawa. Funzo la kisa hicho lilikuwa wazi kwa yeyote mwenye akili: aliyekaa katikati ya njia, mahali pa utajiri, hukaa pia katikati ya mikono ya wote wanaoutaka utajiri huo.

Nyungu akageukia kusini. Katika miaka ya 1870, akiwa na kundi la rugaruga, alianza kuteka utemi mmoja baada ya mwingine katika Ukimbu, na akaweka makao yake Kiwele, upande wa magharibi wa nchi hiyo. Kwa mtazamo wa mfanyabiashara wa Tabora, aliyafuata maporomoko na kuacha shamba. Lakini pori lilikuwa na mambo matatu. Lilikuwa na tembo. Lilikuwa na watemi wengi wadogo ambao hawakuzoea kuungana dhidi ya adui mmoja. Tena lilikuwa ubavuni mwa njia, si juu yake: mwenye kulishika aliweza kuunyosha mkono wake hadi Mgunda Mkali, kisha akaurudisha mahali ambapo jeshi la kulipiza kisasi lingekufa kwa kiu kabla ya kufika.

Ama kuhusu kupatana, Nyungu alipima kwa mizani hiyo hiyo. Kaskazini-magharibi alikuwapo Mirambo wa Urambo, mtu maarufu kuliko wote wa zama zile, ambaye mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji na kupigana na Waarabu wa Tabora, na ambaye Stanley alichanjiana naye udugu mwaka 1876. Wawili hao wangeweza kumalizana. Badala yake, karibu na mwaka 1880, walipatana. Mmoja aliishika njia upande wa magharibi wa Unyanyembe, mwingine akaigusa upande wa mashariki, na Tabora ikawa katikati kama nazi kati ya mawe mawili. Mirambo aliandikiana na John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekaa Unguja, na aliwapokea wageni ili dunia imtambue. Nyungu hakujionyesha. Zungu kwake halikuwa mshirika, na mara moja rugaruga waliohesabiwa kuwa wake walivuka mpaka wa busara. Desemba 1878, katika Mgunda Mkali, waliushambulia msafara wa William Penrose, fundi wa mitambo wa Church Missionary Society, wakamwua. Habari za namna hiyo zilifika Unguja, na kutoka Unguja zilifika London.

Hadi hapa Nyungu ni mbabe kama wababe wengine. Tofauti yake inaanza pale vita vilipokwisha, na pengine hakuna kitu kinachoieleza vizuri kuliko bao la Kiswahili.

Katika sataranji, kilicholiwa hutolewa ubaoni, kimekufa. Katika bao, hakuna kete inayokufa. Kete sitini na nne ndizo hizo hizo tangu kunamua mpaka mtaji wa mwisho. Mchezaji anayekula huzichukua kete za mwenzake na kuzipanda upande wake, moja moja, shimo kwa shimo, na zikishapandwa hazitambulikani tena zilitoka wapi. Fundi wa bao hapimwi kwa wingi wa alichokula tu. Hupimwa kwa alivyokipanda, kwa sababu kete zilizorundikwa shimo moja bila mpango huwa ni karamu ya zamu ijayo ya mwenzake.

Nyungu alipanda. Rugaruga wake wengi walikuwa mateka, watoro na vijana waliopotewa na koo zao. Waliliwa upande mmoja wakapandwa upande mwingine. Watemi aliowashinda, wale waliokubali kushindwa, aliwaacha katika matambiko yao, maana mvua na makaburi ya mababu havikuwa na faida kwake, na kuvigusa kungemletea hasara. Lakini juu ya watemi hao aliweka watu wake mwenyewe, watwale, kila mmoja na eneo lake lililokusanya nchi kadhaa. Mtwale hakuwa ndugu wa mtemi wala hakuwa na mizizi mahali pale. Cheo chake kilitoka Kiwele, na kazi yake kubwa ilikuwa kukusanya pembe na kuzipeleka Kiwele. Wale waliobuni Civilization IV waliweka kanuni ambayo huwaudhi wachezaji wenye pupa: kila mji unaotekwa huongeza gharama, na ulio mbali na makao makuu hugharimu zaidi, hata mshindi hufilisika kwa ushindi wake. Nyungu hakuhitaji kufundishwa. Mtwale ndiye aliyekuwa jibu lake.

Desemba 1884 ikawa kama mtihani uliotungwa makusudi. Katika mwezi huo mmoja Mirambo alikufa, na Nyungu akafa. Dola ya Mirambo ilikuwa kubwa zaidi na jina lake lilikuwa limefika mbali zaidi, lakini ilishikwa na mkono wake mwenyewe: kasi yake, hofu yake, safari zake zisizokwisha. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuizuia isimeguke, naye aliuawa mwaka 1890. Kiwele, kiti kilikwenda kwa mwanamke, Mugalula, binti wa Nyungu, na dola ikasimama. Watwale waliendelea na kazi zao. Haikuvunjwa kutoka ndani. Ilivunjwa na Wajerumani katikati ya miaka ya 1890. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Katika siasa za bara la karne ile, ni wachache mno walioujua ukweli wa methali hiyo.

Hata hivyo, haifai kuishia kwenye sifa. Masimulizi yaliyokusanywa Ukimbu katika karne ya 20 yanasema kwamba Nyungu aliwaita askari wake magogo, na vita vilipopamba moto aliamuru magogo yaongezwe. Neno hilo moja linafichua kile ambacho ubao wa mchezo, uwe wa mti au wa kioo, hauwezi kukionyesha. Hesabu nzuri ya mtawala huhitaji kwanza watu wageuzwe kuwa vitu vya kuhesabika. Aliyetekwa Ukimbu hakuwa kete: alikuwa na mama aliyebaki na mzinga wa nyuki usio na wa kuurina. Na pembe iliyofika Unguja haikuandikwa juu yake ni magogo mangapi yaliteketea ili ipatikane.

Lakini kuna jambo ambalo hesabu ya Nyungu ilizaa bila yeye kulikusudia. Wajerumani walipoivunja dola ya Kiwele, waliwakuta watemi wadogo wa Wakimbu bado wapo, na matambiko yao, na nchi zao zenye majina yale yale. Walirudishiwa mamlaka yao chini ya bwana mpya, nao waliendelea chini ya Waingereza, mpaka Tanganyika huru ilipoufuta utemi mwaka 1963. Mshindi aliyewaona kuwa wadogo mno hata wasistahili kung'olewa ndiye aliyewahifadhi. Mchezaji huzitazama kete, maana ndizo zinazohama na kuleta ushindi. Katika nchi ya Mitundu, kilichobaki baada ya wachezaji wote kuondoka ni mashimo.