Njia za Miguu kati ya Ziwa Kivu na Milima ya Moto

Kutoka Goma barabara kubwa mbili huingia bara. Moja hwenda kaskazini, ikipita Munigi, Kibati, Kibumba, Rugari na Rumangabo mpaka Rutshuru, mwendo wa kilometa 70 hivi. Ya pili hwenda magharibi mpaka Sake, kilometa 25, kisha hupanda mlima kuelekea Mushaki na Masisi. Watu wengi hudhani kwamba barabara hizi ndizo zilizoifungua nchi. Sivyo. Kabla gari la kwanza halijaonekana, miguu ya watu ilikuwa imekwisha kuunganisha ziwa na vilima, na kijiji na kijiji. Barabara ndiyo iliyoifuata njia. Basi, wasomaji wapenzi, yafaa tujiulize: ni nani waliozifanya njia hizo, na ziliwagharimu nini?

Njia hutafuta maji na soko

Nchi iliyo chini ya Nyiragongo na Nyamulagira ina ajabu yake. Mvua hunyesha kwa wingi, lakini vijito ni haba sana, maana maji huzama mara moja katika mawe meusi yaliyotoka milimani. Ndiyo sababu njia za kale hazikunyoka kama kamba. Zilipinda kutafuta mahali penye maji, zikakwepa mawe makali, zikapita penye udongo mzuri ambapo watu walilima na kujenga, na mwisho zikateremka ziwani.

Upande wa Masisi mambo ni kinyume. Huko maji ni mengi, na mabonde yana matope. Basi njia ilishika mgongo wa kilima, ambako mguu hukanyaga pakavu na jicho huona mbali. Vijiji navyo vilikaa huko juu. Mgeni alionekana kabla hajafika, na mwenyeji alipata nafasi ya kujua kama aja kwa heri au kwa shari.

Katika njia hizo ilipita biashara kubwa kabla ya Mzungu yeyote kufika. Chumvi ya Katwe, katika nchi ya Uganda ya leo, ililetwa kusini. Majembe, mbuzi na vyakula vilibadilishwa sokoni. Na watu wa magharibi ya ziwa walisuka bangili za nyuzi ziitwazo butega, ambazo katika karne ya 19 zilivushwa mpaka Rwanda na kutumika karibu kama fedha. Basi tusidhani kwamba wazee wetu walifungiwa kila mmoja katika kilima chake. Walijuana, walidaiana, waliozana.

Tarishi na msafara

Mwezi Juni 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipanda Nyiragongo, kisha akateremka mpaka ziwa Kivu. Alikuwa ametoka Pangani, katika pwani ya Tanzania ya leo, mwishoni mwa 1893. Baadaye aliingia msitu wa Kongo, na kabla mwaka haujaisha akatokea upande wa Atlantiki. Vitabu humwita yeye mvumbuzi wa ziwa. Lakini wavuvi walikuwa wakivua humo tangu zamani, na mzigo wa msafara wake haukujibeba. Mamia ya watu walitembea pamoja naye. Kila hatua aliyoipiga yeye, wao pia waliipiga, tena wakiwa na mzigo kichwani.

Baada ya msafara zikaja boma za serikali na misioni. Mwaka 1901 Mapadri Weupe walianzisha misioni ya Nyundo, katika vilima vya juu ya Gisenyi. Upande wa Kongo walijenga Lulenga, penye miguu ya mlima Mikeno, karibu na Rugari ya leo. Boma na misioni zilihitaji kupelekeana habari, na simu haikuwako. Ndipo ilipokuwa kazi ya tarishi. Barua ilibanwa katika ncha ya ufito uliopasuliwa, ili jasho la mkono lisiiharibu na kila mtu aione na kumpisha aliyeichukua. Tarishi alikwenda mbio penye tambarare, akapanda kwa hatua fupi fupi, akateremka akijizuia kwa magoti. Alijua mahali pa kunywa maji na nyumba ya kulala. Katika vilima hivi mwenye mbio si yule aondokaye kwa kasi, bali yule ajuaye njia na kuitunza pumzi yake mpaka mwisho.

Wengine walizitembea njia hizo kwa sababu ya dini. Kwa kanuni ya Mapadri Weupe, mtu aliyetaka ubatizo alifundishwa muda wa miaka 4. Hebu tuhesabu hatua za mama aliyekaa mbali na misioni, akiwa na mtoto mgongoni, aliyekwenda na kurudi muda wote huo! Wakatekista wa vijijini nao walikwenda misioni kutoa habari na kupata mafundisho, kisha wakarudi vilimani kwao. Padri alionekana kijijini mara chache kwa mwaka. Katekista alionekana kila siku. Imani ilifika vilimani kwa njia ileile iliyopitisha chumvi na majembe.

Mpaka na vita

Mwaka 1910 wakubwa wa Ulaya walikutana Brussels wakaandika mpaka. Goma ikawa ya Wabelgiji, Gisenyi ikawa ya Wajerumani. Njia ya kwenda sokoni au kwa mkwe ikakatwa kwa mstari uliochorwa juu ya karatasi. Watu waliendelea kupita, maana ukoo haukatwi kwa kalamu.

Lakini mwaka 1914 vita vya Ulaya viliufanya mstari huo kuwa mahali pa risasi. Wajerumani waliteka kisiwa cha Idjwi, na majeshi mawili yakatazamana karibu na Goma na Gisenyi hata 1916. Mwaka huo Wabelgiji chini ya Jenerali Tombeur waliingia Rwanda. Mwezi Mei walishika Kigali, na tarehe 19 Septemba walishika Tabora.

Nani alibeba vyakula, risasi na vipande vya mizinga? Hapakuwa na reli wala magari. Hesabu inayotajwa na wanahistoria ni kwamba katika vita hivyo Wabelgiji waliandika wapagazi wapatao 260,000. Wengine walibeba kwa siku chache tu karibu na kwao, wengine walipelekwa mbali sana. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 25 mpaka 30. Watu wa bonde lenye joto walipandishwa katika baridi ya milima bila nguo za kutosha. Chakula kilikuwa kigeni kwao, tena kidogo. Kuhara na homa ya mapafu viliwaua wengi kuliko risasi.

Vita vilipokwisha, Tombeur alifanywa baroni, akapewa jina la Tombeur wa Tabora, na sanamu ya ukumbusho ikasimamishwa kwake Ubelgiji. Mpagazi aliyefia njiani alizikwa pale alipoanguka, kama alizikwa. Kijijini kwake walingoja. Pengine mke wake alingoja miaka, kwa kuwa hapakuja tarishi wa kumpasha habari.

Barabara na moto

Baada ya vita zilikuja barabara za magari. Hizo nazo zilikatwa kwa majembe na mikono ya watu wa vijijini, mara nyingi kwa kulazimishwa. Watu wakaanza kusema kwamba siku za njia za miguu zimekwisha. Milima ikajibu. Kutoka 1938 mpaka 1940 moto wa Nyamulagira ulitiririka mpaka ziwani karibu na Sake; leo barabara hupita juu ya mawe yake. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika kwa muda usiotimia saa moja. Tarehe 17 Januari 2002 moto uliingia Goma kwenyewe, ukaugawa mji vipande viwili, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuharibu kanisa kuu. Tarehe 22 Mei 2021 ulikata barabara ya Rutshuru upande wa Kibati, na siku chache baadaye mamia ya maelfu ya watu waliuhama mji.

Kila mara gari lilisimama, na mguu ukaendelea. Mwaka 2002 watu walirudi nyumbani baada ya siku chache tu, wakivuka juu ya mawe ambayo yalikuwa bado na moto ndani yake. Waliotangulia walijaribu pa kukanyaga, waliofuata wakakanyaga palepale. Hivyo njia mpya ilizaliwa machoni petu, kama zilivyozaliwa zile za wazee.

Wala si moto tu uliowatembeza watu. Mwezi Julai 1994 watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda kwa siku chache, na kipindupindu kikawaua maelfu kwa maelfu. Tangu hapo vita havikuacha kuwahamisha watu wa Rutshuru na Masisi, godoro kichwani na sufuria mkononi. Njia ya soko imekuwa mara nyingi njia ya kukimbia.

Leo vijana wa Kibumba huteremka na chukudu zilizojaa kabichi, viazi na makaa, wakizizuia kwa mguu penye mteremko. Hao ni wajukuu wa wapagazi. Wanapopita tuwape heshima, maana mji hula kwa jasho lao.

Tena tufanye jambo moja, nalo halihitaji fedha. Katika kila jumuiya wako wazee waliosikia kwa baba zao habari za kubeba mizigo, za kukata barabara, za njia ya kwenda misioni. Vijana wenye daftari wawaendee. Waandike jina la mtu, kijiji chake, njia aliyopita, na kama alirudi. Jina la jenerali limekwisha kuandikwa katika jiwe. Majina ya babu zetu yamebaki katika vinywa vya wazee, na wazee hao hupungua kila mwaka.