Upinde wa roda: jinsi unavyopimwa, mazoezi yake, na umbali ambao mwindaji hapaswi kuuvuka

Wasikilizaji wetu wengi huona kwenye simu zao video za wawindaji wa Marekani wakiwa wamekaa juu ya mti, mkononi wameshika upinde wenye magurudumu mawili na nyuzi kadhaa. Ukiutazama, unafanana zaidi na mashine kuliko na upinde tuliouzoea. Katika makala haya tunaeleza upinde huo unavyofanya kazi, unavyorekebishwa ili umfae mtu, na kwa nini mwindaji makini hufanya mazoezi kwa miezi mingi kwa ajili ya mshale mmoja tu.

Ulitoka wapi?

Upinde huu ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri. Aliomba hataza ya ubunifu wake mwaka 1966 na kuipata mwaka 1969. Wakati huo kuwinda kwa upinde hakukuwa jambo jipya Marekani. Jimbo la Wisconsin lilikuwa limeweka msimu maalumu wa kuwinda kulungu kwa mishale tangu mwaka 1934. Alichofanya Allen ni kuweka roda kwenye ncha za upinde.

Roda hizo si za mviringo kamili kama ile ya kuvutia maji kisimani. Zina umbo la kupinda upande mmoja. Unapoanza kuvuta, uzito huwa mkubwa. Ukikaribia mwisho, roda hugeuka na uzito hupungua ghafla.

Tuchukue mfano. Upinde wa kilo 27 ni mzito kuuvuta kuliko kuinua ndoo ya maji ya lita 20. Lakini kama roda zake zinapunguza uzito kwa asilimia 80, ukishauvuta wote unabaki umeshikilia kama kilo 5 na nusu tu, karibu sawa na dumu la maji la lita 5. Kwa upinde wa kawaida, mkono huanza kutetemeka baada ya sekunde chache. Kwa huu, mwindaji anaweza kusubiri hadi mnyama ageuke vizuri.

Mshale hauui kama risasi

Hili ndilo jambo la msingi. Risasi ya bunduki ya kuwindia mara nyingi hupita kasi ya mita 800 kwa sekunde. Mshale wa upinde wa roda huenda takriban mita 85 kwa sekunde. Hauna kishindo cha kumwangusha mnyama. Unaua kwa kukata: kigumba chenye makali kama wembe hupasua mapafu au moyo, na mnyama hufa kwa kutoka damu.

Wahadzabe wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, Tanzania, hupaka sumu ya mmea kwenye mishale ya kuwindia wanyama wakubwa, na sumu hiyo humaliza kazi mshale ukishaingia. Mwindaji wa upinde wa roda hategemei sumu. Anategemea mahali mshale unapoingia, basi. Ukiingia tumboni au mguuni, mnyama hukimbia na kidonda, hufa baada ya saa nyingi au siku, na mara nyingi haonekani tena. Nyama imepotea na mnyama ameteseka bure.

Kwa hiyo kila hatua ya kupima upinde na kila zoezi lina lengo moja: mshale uingie kwenye eneo la mapafu na moyo. Kwa kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe, eneo hilo lina upana wa sentimita 20 hivi, nyuma tu ya bega.

Kuupima upinde mwilini

Vipimo viwili huja kwanza.

Cha kwanza ni urefu wa mvuto. Nyoosha mikono yote miwili pembeni, mtu apime kutoka ncha ya kidole kirefu cha mkono mmoja hadi cha mwingine, kisha gawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 175 anapata 70. Hicho ni kianzio, na fundi humalizia kwa kumtazama anavyovuta. Upinde mrefu kupita kiasi humfanya mtu ajikunje nyuma na uzi humpiga mkononi. Ukiwa mfupi, anajibana na hawezi kutulia.

Cha pili ni uzito wa kuvuta. Wengi hukosea hapa kwa kutaka kuonekana wana nguvu. Kipimo ni hiki: kaa kwenye kiti, inua miguu juu kidogo, nyoosha upinde mbele yako na uvute moja kwa moja hadi mwisho. Kama unalazimika kuuelekeza juu angani ndipo uuvute, ni mzito kwako. Ni hatari pia, kwa sababu mshale ukichomoka unaweza kwenda zaidi ya mita 200 na hujui utaangukia wapi. Majimbo kadhaa ya Marekani yameweka uzito wa chini kwa kuwinda kulungu, mara nyingi kati ya kilo 14 na 18.

Kazi ya kubadilisha nyuzi au roda huachiwa fundi mwenye mashine ya kubana upinde. Vipande vyake viwili vinavyopinda vimebeba nguvu nyingi hata vikiwa vimetulia, na vikifyatuka vinaweza kumjeruhi mtu vibaya.

Usifyatue upinde mtupu

Kosa ambalo huharibu upinde upesi kuliko yote ni kuuvuta na kuuachia bila mshale. Nguvu iliyopaswa kuondoka na mshale hurudi kwenye upinde wenyewe. Vipande vinaweza kupasuka, uzi ukakatika, na vipande vikamrukia aliyeshika. Ndiyo maana huko mtu hapewi upinde wa mwenzake ajaribu kuvuta hivi hivi tu.

Mshale nao hukaguliwa. Mingi ya siku hizi ni ya nyuzinyuzi za kaboni. Kabla ya kutumia, upinde kidogo kwa mikono karibu na sikio. Ukisikia mlio wa kupasuka au ukiona ufa, uvunje na uutupe. Mshale wenye ufa unaweza kuvunjika wakati wa kufyatuliwa na kuchoma mkono. Ugumu wa mshale lazima uendane na nguvu za upinde pia: ukiwa laini mno au mgumu mno, hautaruka umenyooka.

Kuunyoosha mshale na kulenga

Mshale ukiwa umepachikwa kwenye uzi, unapaswa kukaa kama herufi T iliyolala: uzi na mshale vikutane kwa pembe iliyo sawa. Kisha mafundi hufanya jaribio la karatasi. Hubana karatasi kwenye fremu, husimama kama mita 2 kutoka hapo, na kufyatua mshale uitoboe na kuingia kwenye kizuizi kilicho nyuma. Tundu dogo lenye alama za manyoya pande zote linaonyesha mshale umenyooka. Mpasuko mrefu wa kwenda juu, chini au pembeni unaonyesha mkia wa mshale unayumba. Fundi husogeza kiegemeo cha mshale kidogo kidogo na kurudia.

Kulenga hutumia vitu viwili: kitundu kidogo kilichowekwa ndani ya uzi mbele ya jicho, na pini ndogo zilizo mbele ya upinde. Kila pini ina umbali wake. Wamarekani hupima kwa yadi: 20, 30 na 40, yaani takriban mita 18, 27 na 36.

Kanuni ya kurekebisha ni rahisi kukumbuka: pini humfuata mshale. Mishale ikiangukia kushoto, sogeza pini kushoto. Ikiangukia chini, shusha pini. Usirekebishe kwa mshale mmoja. Fyatua mitatu au minne kwanza, uone inakusanyika wapi.

Mazoezi yenyewe

Shabaha inaweza kuwa gunia lililojazwa matambara na kushindiliwa vizuri. Nyuma yake pawe na kingo ya udongo, na pasiwe na njia ya watu wala mifugo.

Wiki za mwanzo hufanywa mita 2 au 3 tu kutoka kwenye gunia, wengine wakifumba macho. Hapo hutafuti kulenga, unafundisha mwili. Simama ubavu ukielekea shabaha, miguu ipanuke kiasi cha mabega. Mkono ulioshika upinde usiukabe, uache ulale kwenye kiganja. Vuta hadi mkono wa nyuma uguse taya mahali palepale kila mara. Kisha bana kifyatulio polepole, na usishushe upinde mpaka usikie mshale umegonga.

Mishale 20 ya makini ina faida kuliko 100 ya uchovu. Misuli ikichoka, mwili hujifunza makosa. Ule mshale wa kwanza wa siku, kabla mwili haujapata joto, ndio unaofanana na wa msituni, kwa sababu huko hakuna wa majaribio.

Mwezi mmoja au zaidi kabla ya msimu, wawindaji hubadilisha vichwa vya mazoezi na kuweka vigumba vya kuwindia vyenye makali. Vigumba hivyo hushika upepo na vinaweza kuangukia mahali tofauti, hata kama uzito ni uleule. Wanaowinda juu ya mti hujizoeza kutoka juu, wakiwa wamefungwa mkanda wa usalama, na huinama kiunoni badala ya kushusha mkono.

Umbali wako ni upi?

Chukua sahani ya karatasi yenye upana wa sentimita 20 na uibandike kwenye gunia. Anza mita 10 na urudi nyuma kidogo kidogo. Umbali wa mwisho ambao kila mshale wako unaingia kwenye sahani, ukiwemo ule wa kwanza wa siku, ndio mpaka wako. Wa jirani yako hauhusiki, wala wa kwenye video.

Hata huo hupunguzwa msituni, kwa sababu mnyama si gunia. Kwa mita 36, mshale hutumia takriban sekunde 0.4 kufika. Sauti ya uzi hufika kwa sekunde 0.1. Kulungu ana karibu sekunde 0.3 za kushtuka na kuchuchumaa kabla ya mshale. Unaweza kuwa umelenga sawasawa na mshale ukapita juu au ukaingia mgongoni. Kwa mita 18 nafasi hiyo hupungua hadi karibu nusu. Ndiyo maana wengi wenye uzoefu husubiri mnyama asogee, na asiposogea humwacha aende.

Mshale ukishaingia, mwindaji hakimbilii. Damu nyekundu angavu yenye mapovu inaonyesha mapafu, na husubiriwa kama nusu saa. Damu nyeusi, au uchafu wa kijani wenye harufu, unaonyesha ini au tumbo. Hapo husubiriwa saa nyingi, kwa sababu mnyama akifukuzwa huenda mbali zaidi.

Na hapa kwetu?

Tunaeleza haya ili ueleweke unachokiona, si ruhusa ya kuingia porini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kabla ya kuwinda, na kuwinda bila kibali ni kosa la jinai hata kama silaha ni upinde na mshale. Ukiwa na swali, nenda ofisi ya wanyamapori ya wilaya yako kabla ya kufanya lolote.

Kwa anayependa upinde wenyewe, kulenga shabaha ni mchezo kamili bila mnyama yeyote. Upinde wa roda tayari unatumika kwenye Michezo ya Paralimpiki, na umepangwa kuingia Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028 katika mashindano ya timu za mwanamke na mwanamume. Huko nako kipimo ni kilekile: kurudia jambo moja kwa usahihi, na kujua umbali ambao mkono wako unauweza.