Mfereji uliofilisika wageuka njia tulivu ya baiskeli

KANDO ya Mto Potomac, mashariki mwa Marekani, kuna njia ya udongo na changarawe yenye urefu wa kilomita 297 isiyoruhusu gari wala pikipiki. Inaanzia Georgetown, katika jiji la Washington, na kuishia Cumberland, mji ulio milimani magharibi mwa jimbo la Maryland.

Njia hiyo haikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Ilikuwa njia ya baghala waliovuta mashua katika mfereji wa Chesapeake na Ohio, maarufu kama C&O. Mfereji wenyewe ulishindwa kibiashara, ukaharibiwa na mafuriko, na nusura ufunikwe kwa lami. Leo ni kivutio kikubwa kwa wapenzi wa baiskeli za changarawe.

Baiskeli ya aina hiyo ina usukani uliopinda kuelekea chini kama ule wa baiskeli za mashindano ya barabarani, lakini magurudumu yake ni mapana zaidi, na gia zake humwezesha mwendeshaji kupanda mlima bila kujichosha kupita kiasi. Imeundwa kwa njia ambazo si lami laini wala si msitu wa mawe na mizizi.

Wakenya waliufahamu zaidi mchezo huu kupitia kwa Suleiman Kangangi, aliyefariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano ya changarawe jimboni Vermont, Marekani. Hata hivyo, kando ya Potomac hakuna anayeshindana. Huko watu huenda kwa utulivu, na kila baada ya kilomita chache hukuta alama ya historia.

MBIO ZA MFEREJI NA RELI

Wazo la kuutumia mto huo kama njia ya biashara ni la kale. Mnamo 1785, kabla hajawa rais, George Washington aliongoza kampuni iliyochimba mifereji mifupi ya kukwepa maporomoko ya Potomac, ili mazao ya bara yafike pwani kwa mashua. Kazi hiyo haikutosha, kwani mto ulifurika msimu mmoja na kukauka msimu mwingine.

Ndipo ukabuniwa mpango wa kuchimba mfereji mmoja mrefu sambamba na mto. Tarehe 4 Julai, 1828, Rais John Quincy Adams alishika sepetu kuzindua kazi. Sepetu iligonga mzizi, ikagoma kuzama. Rais akavua koti, akajaribu tena hadi udongo ukakubali, huku umati ukimshangilia.

Siku hiyo hiyo, mjini Baltimore, kulizinduliwa ujenzi wa reli ya Baltimore na Ohio iliyokuwa na shabaha ile ile ya kufika magharibi. Treni ilifika Cumberland mnamo 1842. Mfereji ulifika mwaka wa 1850, miaka minane baadaye, na haukuendelea tena. Mto Ohio umo katika jina la mfereji, lakini mashua zake hazikuwahi kuufikia.

Wachimbaji wengi walikuwa wahamiaji, hasa kutoka Ireland. Kipindupindu kiliwashambulia kambini mwaka wa 1832. Mnamo Januari 1834, vurugu zilipozuka miongoni mwao, Rais Andrew Jackson alituma wanajeshi kuzizima. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jeshi la serikali kuu ya Marekani kutumiwa katika mzozo wa wafanyakazi.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa handaki la Paw Paw, lililotobolewa ndani ya mlima ili kukwepa mizunguko ya mto. Lilianzwa mwaka wa 1836 kwa matumaini kwamba lingekamilika katika muda wa miaka miwili. Lilichukua miaka 14. Lina urefu wa takriban mita 950, na kuta zake zilijengwa kwa matofali zaidi ya milioni sita.

Kati ya Georgetown na Cumberland nchi hupanda kwa takriban mita 184, nayo mashua haiwezi kupanda mlima. Kwa hivyo yalijengwa malango ya maji 74. Kila lango ni chumba cha mawe chenye milango upande huu na upande huu. Mashua ikishaingia, mlango hufungwa, maji hujazwa au kupunguzwa, nayo mashua hupanda au kushuka kama iliyo kwenye ngazi. Walinzi wa malango waliishi na familia zao katika nyumba ndogo kando ya maji, tayari kufungua mchana na usiku.

Mzigo mkuu ulikuwa makaa ya mawe. Mashua moja iliweza kubeba zaidi ya tani 100, ikivutwa na baghala, yaani wanyama wazaliwao na farasi jike na punda dume, ambao mara nyingi waliongozwa na watoto wa nahodha.

Mafuriko makubwa ya mwaka wa 1889 yaliibomoa kazi hiyo na kuifilisi kampuni. Mfereji ukaangukia mikononi mwa mshindani wake, kampuni ya reli. Mafuriko mengine ya 1924 yalikomesha usafiri kabisa, na mnamo 1938 serikali ikaununua kwa dola milioni mbili. Vijana Wamarekani Weusi waliokuwa katika mpango wa serikali wa kutoa ajira ndio waliokarabati sehemu ya karibu na Washington.

JAJI AWAALIKA WAHARIRI

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kulizuka pendekezo la kujenga barabara ya magari juu ya mfereji huo. Mnamo Januari 1954, gazeti la Washington Post liliunga mkono pendekezo hilo katika tahariri yake.

William O. Douglas, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani na mpenzi wa matembezi, hakuridhika. Aliliandikia gazeti hilo barua akimwalika mwandishi wa tahariri watembee pamoja njia yote, akiamini kuwa atakayeiona kwa macho yake atabadili kauli.

Wahariri walikubali. Mwezi Machi mwaka huo watu 58 waliondoka Cumberland kwa miguu, wakiwemo wahariri wenyewe. Walikumbana na baridi na theluji, na wengi walishindwa na malengelenge ya miguuni. Waliofika Washington wakiwa wametembea hatua zote walikuwa tisa tu, Douglas akiwa mmoja wao.

Gazeti liliulegeza msimamo wake, likakiri kwamba sehemu kubwa ya mfereji ilistahili kuachwa ilivyo. Barabara haikujengwa. Rais Dwight Eisenhower aliitangaza sehemu ya mfereji kuwa mnara wa kitaifa mwaka wa 1961, na Januari 1971 Rais Richard Nixon akatia sahihi sheria ya kuufanya wote kuwa hifadhi ya kihistoria ya taifa.

KUTOKA MILIMANI HADI MJINI

Wengi huanzia Cumberland, kwani kutoka huko njia hushuka polepole. Safari nzima huchukua siku tatu hadi tano kwa mtu asiye na haraka. Mwenye nguvu zaidi huanzia Pittsburgh, kwa kufuata njia ya Great Allegheny Passage iliyokamilishwa mwaka wa 2013 na kuunganishwa na mfereji hapo Cumberland. Zote mbili zina jumla ya takriban kilomita 540.

Siku ya kwanza huwa ya misitu na ukimya. Katika handaki la Paw Paw hakuna taa, na mwendeshaji hushuka, akawasha tochi na kuisukuma baiskeli kando ya reli ya mbao iliyolika kwa kamba za baghala.

Kadiri mto unavyoshuka, ndivyo kumbukumbu za vita zinavyoongezeka. Potomac ulikuwa mpaka kati ya Kaskazini na Kusini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kilomita chache kutoka njiani, karibu na Sharpsburg, ndipo palipopiganwa vita vya Antietam tarehe 17 Septemba, 1862. Kwa siku hiyo moja, watu takriban 23,000 waliuawa, kujeruhiwa au kutoweka. Siku tano baadaye, Rais Abraham Lincoln alitangaza kusudio lake la kuwaweka huru watumwa katika majimbo yaliyoasi.

Mbele zaidi, ng'ambo ya mto, upo mji wa Harpers Ferry, mahali Mto Shenandoah unapoingia Potomac. Ni hapo ambapo John Brown, adui mkubwa wa utumwa, alivamia ghala la silaha la serikali Oktoba 1859 akitaka kuwapa watumwa silaha. Alikamatwa na kunyongwa Desemba mwaka huo.

Baada ya hapo huja daraja la maji la Monocacy, lenye matao saba ya mawe, lililokamilishwa mwaka wa 1833 ili mashua zipite juu ya mto mwingine. Hatimaye husikika ngurumo ya maporomoko ya Great Falls, na muda si muda msafiri yumo jijini.

YA KUZINGATIA

Njia hii haihitaji misuli mingi, ila inahitaji subira. Mvua ikinyesha, sehemu ambazo hazijawekwa changarawe mpya hugeuka matope. Magurudumu yenye upana wa milimita 35 hadi 45 yanafaa zaidi. Ni vyema kubeba tyubu za akiba na pampu, kwani maduka yako mbali.

Zipo kambi ndogo za bure kando ya njia, kila moja ikiwa na pampu ya maji, choo na meza, na mtu huruhusiwa kulala usiku mmoja tu katika kila kambi. Pampu hizo hufungwa wakati wa baridi. Mwendo usizidi kilomita 24 kwa saa, kengele ipigwe kabla ya kumpita mtu, na juu ya madaraja ya maji baiskeli isukumwe.

Mto wenyewe haujabadili tabia. Mafuriko yaliyoifilisi kampuni bado huja, yakabomoa kingo na kuzoa changarawe, na kila yanapopungua watunzaji wa hifadhi huanza upya kuziba na kusawazisha. Gharama hiyo haina mwisho, nayo hulipwa kwa sababu wapo watu wanaoendelea kuitumia njia.

Waliouchimba mfereji walilenga Mto Ohio na wasiufikie. Kama wasemavyo wahenga, kupotea njia ndiko kujua njia.